Somo: Jinsi ya kuusoma msimu wa mbio za nyika wa shule yako kabla haujaanza

Shule za Nairobi zikifunguliwa Januari, swali huwa lilelile: mwaka huu tutafika wapi? Jibu nalo hutolewa kwa kutaja jina moja, la yule nyota. Ninafundisha timu ya mbio za nyika ya shule ya sekondari hapa jijini, na ninawaomba walimu wenzangu, vijana wa klabu ya uandishi na wazazi mnaofuatilia watoto wenu: msianze na nyota. Anzeni na mkimbiaji wa nne.

Hatua ya 1: Elewa hesabu ya alama

Kila mkimbiaji huiletea timu alama sawa na nafasi aliyomaliza, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwenye Mashindano ya Dunia hukimbia sita kwa kila nchi, na wanne wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Kwa hiyo jumla bora kabisa ni 10, yaani 1+2+3+4. Wanawake wa Kenya waliipata jumla hiyo Kampala mwaka wa 2017 walipozoa nafasi zote sita za kwanza, Irene Cheptai akiongoza.

Sasa chukua shule mbili. Ya kwanza ina nyota anayemaliza wa 1, mwenzake wa 3, kisha wengine wanaingia wa 28 na wa 41. Jumla ni 73. Shule ya pili haina hata mmoja aliyeonekana mbele. Wanakuja pamoja 9, 12, 14 na 17. Jumla ni 52, na kombe ni lao. Ndiyo maana nasema mtu wa nne ndiye msimu wenyewe. Kabla ya kuandika lolote, muulize mwalimu wa michezo wanahesabiwa wangapi katika mashindano yenu, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni nani wa kumtazama.

Hatua ya 2: Hesabu waliopo, si waliovuma

Mwaka huu wa 2026 una jambo lisilo la kawaida. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 liliingia Kidato cha 1 mwaka wa 2024, kwa hiyo sasa shuleni kuna Kidato cha 4, Kidato cha 3, na chini yao Gredi ya 10, darasa la kwanza la mtaala mpya. Kidato cha 2 hakuna. Waliomaliza mwaka jana wameondoka na miguu yao, na wanaochukua nafasi hizo ni watoto ambao hatukuwahi kuwaona wakikimbia, kwani wametoka shule za sekondari msingi. Matokeo ya zamani hayatakusaidia kwao. Lazima uwaone.

Nikiwapima wageni, sisimami kwenye mstari wa mwisho. Nasimama pale mwinuko unapoishia. Karibu kila mtoto hupanda kwa bidii akijua anatazamwa. Tofauti huonekana akishafika juu. Mmoja atalegea hatua tano au sita, kidevu kimeinuka, ngumi zimepanda hadi kifuani, anatafuta pumzi. Mwingine anafika juu amechoka vilevile, lakini mguu unaofuata tayari unakimbia. Huyo wa pili mwandike jina hata kama alikuwa nyuma ya mwenzake. Kisha linganisha muda wa mzunguko wake wa kwanza na wa pili. Anayepoteza sekunde chache tu ni mtu wa nyika. Anayeanza kama mshale kisha akatembea anahitaji miezi kadhaa ya subira, na ni mtoto mzuri vilevile.

Hatua ya 3: Pima pengo

Wakimbize wote siku moja, njia moja, kisha andika sekunde kati ya wa kwanza na wa nne. Rudia baada ya wiki tatu au nne, njia ileile. Pengo likipungua huku wa kwanza hajapunguza kasi, shule yenu inapanda, na hilo ndilo la kuandika kwenye ubao wa matangazo. Usilinganishe dakika za njia mbili tofauti. Kilomita 6 za nyasi fupi na kilomita 6 za tope ni mbio mbili zisizojuana.

Hatua ya 4: Soma udongo na mvua

Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa. Kaskazini na magharibi ni mwekundu, wenye kunyonya maji haraka. Mashariki na kusini ni ule mweusi tunaouita bleki koton: ukikauka unapasuka nyufa za kuvunja kifundo cha mguu, ukilowa unang'ang'ania kiatu hadi kila mguu unakuwa mzigo. Januari na Februari ni joto na ukavu, halafu masika huingia Machi. Mkimbiaji mwepesi mwenye hatua ndefu anaweza kutawala Februari, kisha Machi akapitwa na mwenzake mfupi mwenye mapaja imara. Ukijua mashindano yako wapi na mwezi gani, tayari umejua nusu ya matokeo.

Hatua ya 5: Jua ngazi

Nairobi ina kaunti ndogo 17. Timu hupanda kutoka huko hadi ngazi ya Nairobi nzima, halafu taifa. Hapa ndipo utabiri wa wengi huharibika, kwa sababu anayetawala jijini hukutana na wenzake wa Bonde la Ufa. Sisi tunaishi takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko kwao, Eldoret ni kama mita 2,100, Iten inafikia 2,400. Mtoto wetu akipelekwa kukimbia huko juu, pumzi itamwambia mapema kwamba hayuko nyumbani. Hilo si sababu ya kumkatisha tamaa. Ni sababu ya kumfundisha kuanza taratibu.

Hatua ya 6: Andika

Aya tatu za utabiri wa msimu zinatosha kwenye ubao wa matangazo: nani ameondoka, pengo likoje, na mbio ipi ndiyo kubwa kwenu. Majeraha na mambo ya afya ya mtoto yasiwekwe ubaoni kamwe. Hawa ni watoto, na ubao unasomwa na kila mtu.

Maswali mliyoniuliza

Mwanafunzi wa Gredi ya 10, Lang'ata: Shikamoo mwalimu. Mimi nimezoea mita 1,500 tu. Nikiingia nyika nitapoteza kasi yangu?

Marahaba mwanangu. Hutaipoteza. Faith Kipyegon alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi mwaka wa 2011 na 2013, kisha akachukua dhahabu tatu za Olimpiki katika hizo hizo mita 1,500. Nyika ilimjenga. Ila usiruke hadi kilomita 6 kwa wiki moja. Ongeza kidogo kidogo, na siku moja kwa wiki endelea na mbio zako fupi za kasi.

Mzazi, Umoja: Mwalimu, viatu vya spaiki, vile vyenye misumari chini ya soli, ni lazima? Bei za dukani zimenishinda.

Si lazima, mama. Kwenye changarawe kavu hata havifai. Faida yake ni kwenye nyasi na tope. Ukienda soko la Gikomba au la Toi utavipata vya mtumba. Mtoto aende mwenyewe avijaribu akiwa na soksi. Pindua kiatu utazame matundu ya misumari: kama nyuzi za skrubu ndani ya matundu zimelika, msumari hautashika, kiache. Misumari ya milimita 9 inatosha nyasi kavu. Tope linataka 12 au 15.

Mwalimu wa michezo, Kayole: Ndugu yangu, shule yetu haina uwanja, ni uwanja mdogo wa gwaride tu. Nitaupimaje mwinuko na mimi sina mlima?

Pole kwa hilo, shule nyingi za upande huo ziko hivyo. Siku za kawaida tumia ua huo kwa mbio fupi za kurudiarudia na mazoezi ya nguvu za miguu. Ngazi za ghorofa pia zitakusaidia, mradi wapande kwa kasi na washuke wakitembea. Barabarani usiwapeleke gizani hata wakikubali. Kisha tafuta Jumamosi moja kwa mwezi uwapeleke Msitu wa Karura. Kuna ada langoni, kwa hiyo zungumza na mwalimu mkuu mapema. Siku hiyo moja, ikiwa kwenye njia ileile kila mwezi, itakupa pengo unalolitafuta.

Mama wa msichana wa Kidato cha 3, Embakasi: Mwalimu, binti yangu alikuwa wa kwanza akiwa Kidato cha 1. Sasa anafanya mazoezi zaidi lakini anarudi nyuma, na kocha anasema ni uvivu.

Dada, usilikubali neno hilo haraka. Msichana wa umri huo mwili wake unabadilika, na kasi inaweza kusimama kwa mwaka mzima kabla ya kurudi. Na kuna jambo la pili ambalo makocha wengi wanaume tunaona haya kuuliza: hedhi nzito pamoja na mazoezi makali humaliza madini ya chuma mwilini. Akichoka kupanda ngazi, akiishiwa pumzi kwenye mbio alizozimudu zamani, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Nyumbani mwongezee ndengu, maharagwe, omena, na chungwa au limau pamoja na mlo, kwani husaidia mwili kunyonya chuma. Chai ingoje hadi chakula kitulie. Hedhi ikikoma kabisa kwa miezi, pia nenda hospitali. Mara nyingi ina maana kwamba anakula kidogo kuliko anavyokimbia. Kocha aambiwe majibu ya vipimo, na hadi hapo apunguziwe mazoezi.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4, Westlands: Binamu yangu yuko Marekani, anasema huko wanahesabiwa watano. Nani yuko sahihi?

Nyote wawili. Shule za upili za Marekani kwa kawaida hukimbiza saba na kuhesabu watano, kwa hiyo jumla yao bora ni 15. Mwambie kwao mtu wa kutazamwa ni wa tano.