Kabla hujafunga vidhibiti vipya kwenye AC za juu ya paa

Safisha filta. Kaza mkanda wa feni, uliochakaa ubadilishe. Osha koili ya nje, hasa majengo ya pwani ambako chumvi hula mapezi ya aluminiamu. Mota yenye kelele itengenezwe kwanza.

Pima umeme wiki mbili kabla hujagusa chochote, uandike. Bila namba ya kabla, utabaki kubishana na mwenye jengo.

Kisha fungua kifuniko uione dampa ya hewa ya nje, yaani kile kilango kinachoruhusu hewa ya nje kuingia, kwa macho yako. Hapa ndipo nilipoungua. Tulikuwa kwenye supamaketi moja Dar es Salaam. Tulifunga kidhibiti kipya, sensa ya kaboni dayoksaidi na kifaa cha kupunguza kasi ya feni. Hesabu yake ni tamu: feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya kasi, umeme inaokula unabaki karibu nusu. Wateja wakipungua, sensa inaona hewa bado safi, dampa inabana, joto la nje halipozwi bure. Marekani, maabara ya taifa ya Pacific Northwest ilijaribu vidhibiti vya aina hii kwenye mashine 66, na ripoti yake ya 2013 ilionyesha matumizi ya umeme yalipungua kwa wastani wa asilimia 57. Namba hiyo nilimwonyesha mwenye duka.

Mwezi wa kwanza bili haikushuka. Wa pili, matundu ya hewa yakaanza kutoa jasho, maji yakawa yanadondokea rafu ya unga. Wafanyakazi wakatega ndoo. Nilikagua nyaya, nikapima gesi, nikabadilisha sensa nzima, maana kioo cha kidhibiti kilisema dampa imefunguka asilimia 10 tu. Nilipofungua kifuniko, mota ya dampa ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ila skrubu inayoibana kwenye shafti, fimbo inayogeuza dampa, ilikuwa imelegea. Mota inakwenda, shafti imesimama. Dampa ilikuwa wazi yote, na hewa ya Machi, nzito kwa unyevu, inamiminika usiku na mchana. Unga ule tuliulipa sisi.

Siku hizi nachora mstari kwa makapeni kwenye ncha ya shafti, namwambia mwenzangu aliye kwenye kidhibiti aiamuru dampa ifunguke na ifunge, nami natazama mstari. Usipozunguka, hatununui kitu.

Sensa usiiweke mlangoni wala chini ya tundu la hewa. Ipeleke nje kwanza: ikisoma mbali na 420 hivi (sehemu kwa milioni, ppm), irekebishwe. Wala usiibe hewa safi kwa ajili ya bili; keshia anayeumwa kichwa kila alasiri anaidai hewa hiyo.

Nairobi, usiku ukipoa, unaweza kufungua dampa ukapoza jengo bila kompresa. Mpangilio huo usiuhamishie Mombasa bila kupima unyevu, hata kama kipimajoto kinakuvutia.

Feni usiishushe mno kompresa ikiwa inafanya kazi, koili itaganda barafu. Ukizima swichi kuu, ipige kufuli. Kifaa cha kasi hubaki na umeme ndani dakika kadhaa baada ya kuzimwa, kwa hiyo soma kibandiko usubiri. Na usipande peke yako, hasa paa likiwa limelowa.