Betri ya gari la kulala na joto la Mwanza

14.4 V za kuchaji unazosoma ubavuni mwa betri ya asidi ni za betri yenyewe ikiwa na nyuzi joto 25. Gari likishinda juani Kirumba madirisha yamefungwa, betri iliyo chini ya kitanda hufika nyuzi 40 bila shida. Hapo volti zilezile zinasukuma ampea kupita kiasi: maji yanageuka gesi, sahani za risasi zinalika. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri nusu.

Kwa hiyo pima joto la betri, siyo la hewa. Kwa betri ya 12 V, kila nyuzi moja juu ya 25 punguza 0.024 V. Betri ya nyuzi 40 imezidi kwa 15, yaani 0.36 V, basi 14.4 inashuka hadi karibu 14.0. Volti za kuitunza ikishajaa, 13.6, nazo zinashuka hadi 13.2 au zaidi kidogo. Ukipanda ukingo wa Ngorongoro na asubuhi ukaikuta betri ina nyuzi 10, hesabu inageuka: ongeza, ifike karibu 14.8. Usipoongeza haitajaa, na salfeti itaganda kwenye sahani.

Kontrola nzuri ya sola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda kwenye betri, hufanya hesabu hii yenyewe, mradi ipate joto la kweli. Sensa yake ya waya, yaani kipima joto chake, ifunge kwenye kichwa cha hasi, au ibandike ubavuni mwa betri, katikati ya kimo chake, na uifunike kwa kipande cha sponji. Kontrola za bei ndogo zina sensa ndani ya boksi lao. Ukifunga kontrola hiyo kwenye bodi inayopigwa na jua wakati betri iko sakafuni kivulini, itashusha volti bila sababu, na kila siku betri itabaki na njaa. Ziweke sehemu moja, lakini kontrola isikae juu ya betri ya maji (ya asidi inayoongezwa maji), maana mvuke wa asidi utaila.

Katika Hiace zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, usiweke betri nyuma ya viti hivyo. Iweke nyuma kabisa, sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana, na uache sentimita 2 kila upande hewa ipite. Kisanduku cha betri ya maji lazima kiwe na bomba la kutoa gesi nje ya gari, na litokee juu, kwa kuwa haidrojeni hupanda. Kagua maji kila wiki mbili. Ongeza maji ya betri tu, baada ya kuchaji. Maji ya ziwa, hata yakichemshwa, yanabaki na madini yanayoiharibu.

Betri ya lithiamu (LiFePO4) ina tabia nyingine. Haitaki kurekebishiwa volti kwa joto: weka marekebisho sifuri na uchaji kwa 14.2 V. Nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, wala chini ya sifuri. Ukibaki kandokando ya ziwa, usilipie betri yenye hita; fedha hiyo nunulia feni ndogo ya kupoza kisanduku. Gari likilala wiki kadhaa, iache betri na chaji nusu, kwa sababu kukaa imejaa kwenye joto kunaizeesha.

Hatari yake kubwa iko kwenye oltaneta, jenereta ya injini inayochaji betri. Ukisubiri kivuko cha Kamanga injini ikinguruma polepole, feni ya oltaneta inazunguka taratibu huku lithiamu ikivuta ampea nyingi, na koili zinaungua. Kati ya betri ya injini na lithiamu funga chaja ya DC-DC, inayozuia ampea zisizidi kiwango chake, ya ampea 20 hadi 30. Kwa ile ya 30 tumia waya wa 16 mm² na fyuzi ya ukubwa unaotajwa kwenye maelekezo ya chaja, karibu na kila betri.

Betri ya asidi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, au ikinuka yai viza, fungua milango yote, usiwashe jiko wala swichi, na kama inachajiwa na sola, funika paneli kwa turubai. Hivyo chaji inakatika bila cheche. Subiri gesi itoke na betri ipoe, ndipo uchomoe paneli kwanza, kisha betri. Ukianza na betri, kontrola inaweza kuungua.