Faili la zipu likigomea majina marefu, lifungulie C:\z

Kwenye Windows 7, zipu ikigoma kwa sababu ya jina refu, usihangaike kubadilisha majina ya mafaili. Tengeneza folda C:\z, ufungulie humo. Windows huhesabu njia nzima, yaani majina ya folda zote tangu C:\ hadi kwenye faili, siyo jina la faili tu, na kikomo ni herufi 260. C:\Users\Mwanafunzi\Downloads\ peke yake imeshakula 30, na bado inaongezwa folda yenye jina la zipu yenyewe! Ila kama njia iliyomo ndani ya zipu ndiyo ndefu kupita kiasi, C:\z haitasaidia. Hapo tumia 7-Zip, programu ya kufungulia zipu, na ukitaka kufuta baadaye, futia ndani ya 7-Zip hiyohiyo, maana Windows Explorer inaweza kukataa.