Desmodiamu katikati ya mahindi: dawa ya kiduha

Huku kwetu Busia, upande wa Uganda, ukiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimetoa maua ya zambarau ujue mahindi yameshanyonywa kitambo, chini kwa chini. Mche mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Kuhama kutoka mahindi kwenda mtama peke yake ni kazi bure, mtama nao hunyonywa. Mimi nabadilisha nafaka, ila desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, haitoki shambani.

Hatua ya 1. Kabla ya mvua za Machi lima mara mbili, uokote mizizi yote ya sangari, ile nyasi sugu. Desmodiamu haimwezi sangari, usidanganyike.

Hatua ya 2. Panda mahindi sm 75 mstari kwa mstari, sm 30 shimo kwa shimo. Katikati ya mistari chora kijifereji kwa kijiti, kina kisizidi sm 2. Humo ndimo desmodiamu inamoingia. Mbegu zake ni ndogo mno: kikombe kimoja changanya na viwili vya mchanga mkavu, mwaga, fukia kidogo tu. Kilo moja yatosha ekari.

Hatua ya 3. Palizi ya wiki ya tatu. Wengi huharibu hapa, nami nikiwemo. Desmodiamu changa ni kijani kinyonge, huwezi kuitofautisha na magugu. Mwaka wa kwanza niliwaachia vibarua. Jioni nikakuta shamba linang'aa kama uwanja wa kanisa, desmodiamu imeondoka pamoja na gugu la kishona nguo! Siku hizi nachomeka kijiti ncha zote mbili za kila mstari, na karibu na mstari jembe haliingii, tunang'oa kwa mkono. Wiki ya tano tunarudia. Msimu huu ipalilie desmodiamu kana kwamba ndiyo utakayokula.

Hatua ya 4. Ukishavuna, plau ya ng'ombe isiingie. Fyeka desmodiamu, wape ng'ombe, kisha chimba mashimo kwenye mistari ileile ya mahindi, utie mtama kwa mvua za Agosti. Desmodiamu ikitaka kutambaa juu ya miche ya mtama, ipunguze tena. Huko chini mizizi yake huamsha mbegu za kiduha halafu huzizuia kushika mzizi wa nafaka, zikafa. Kishona nguo humalizwa na kivuli. Ndago zitakazochomoza, ng'oa.

Na maharage? Yatie shimo moja na mahindi.