Namna ya kulisoma neno la rangi ndani ya Qurani

Nilipoanza kufuatilia rangi ndani ya msahafu nilichora jedwali kwenye daftari: nyeupe wema, nyeusi ubaya, kijani Pepo. Jedwali lilidumu mpaka Sura Yusuf, aya ya 84. Yaqub anamlilia mwanawe, na macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Weupe ule ni wa macho yaliyoacha kuona. Nikalichana.

Kwa hiyo usianze na maana, anza na umbo la neno. Majina ya rangi kwa Kiarabu hufuata kipimo kimoja: abyadh, baydhaa, bidh (nyeupe); aswad, sawdaa, sud (nyeusi); akhdhar, khadhraa, khudhr (kijani). Yaani kiume, kike, wingi. Ukiyazoea haya utayatambua hata katika sura usiyowahi kuisoma. Lakini ukikuta ibyadhdha au iswadda, yenye shada (alama ya kukaza herufi) mwishoni, hicho ni kitenzi: kitu kimegeuka rangi. Ndiyo maana aya ya 106 ya Aali Imran, penye nyuso kuwa nyeupe na nyuso kuwa nyeusi, haizungumzii ngozi aliyozaliwa nayo mtu. Nyuso zinageuka siku hiyo. Linganisha na An-Nahl 58: baba anapewa habari kwamba amezaliwa binti, uso unamsawijika. Hapo hakuna anayefikiria ngozi.

Kisha uliza: rangi ya nini? Mkono wa Musa unatoka mweupe, na aya inaongeza "bila ya ubaya" (Ta-Ha 22). Wafasiri wanasema nyongeza hiyo inaondoa dhana ya barasi, maana weupe wa ghafla mwilini ungemtisha yeyote. Manjano nayo ni hivyo hivyo. Ng'ombe wa Al-Baqara 69 ana manjano iliyokoza inayowafurahisha watazamaji. Mmea wa Az-Zumar 21 ukishakuwa manjano, kinachofuata ni makapi.

Hiyo "iliyokoza" ni neno faqi', na hapa Mswahili ana bahati. Kiarabu kina maneno ya kukoleza ambayo kila moja lina rangi yake, kama sisi tunavyosema nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Huwezi kusema nyeupe ti. Katika Fatir 27 milima ina mistari myeupe na myekundu, halafu gharabibu sud. Gharabibu ni wingi wa ghirbib, neno la kukoleza nyeusi, na kwa kawaida ghirbib hufuata nyuma ya aswad. Hapa limetangulia, na wafasiri wamelijadili sana hilo. Tarjuma ikikuambia "nyeusi sana" haijakosea, ila mimi ningeandika "nyeusi ti".

Usiharakishe kuchukua rangi kama ilivyo, wala kama fumbo. Sahaba Adiyy bin Hatim aliposikia aya ya saumu, kwamba mtu ale mpaka uzi mweupe upambanuke na uzi mweusi (Al-Baqara 187), alichukua kamba mbili, nyeusi na nyeupe, akaziweka chini ya mto, akawa anazitazama usiku asione tofauti. Asubuhi akamweleza Mtume (s.a.w.), akaambiwa ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Namwonea huruma kila nikisoma, maana mimi nami niliwahi kumwambia mwalimu wangu kwamba zurqan ya Ta-Ha 102, hali watakayokusanywa nayo wakosefu Siku ya Kiyama, ni watu wa macho ya buluu, basi. Akanifungulia tafsiri: wapo waliosema hivyo, wapo waliosema vipofu, wapo waliosema wenye kiu.

Jambo la mwisho, ukitafuta kwa mzizi, yaani herufi za asili za neno la Kiarabu, usidhani umemaliza. Nilikusanya kila neno la kh-dh-r nikajiona nimepata kijani chote cha Qurani. Kumbe Ar-Rahman 64 ni neno moja tu, mudhammatan, bustani mbili zilizokoza kijani hadi kukaribia weusi, na mzizi wake ni d-h-m, wa farasi mweusi.