SOMO: Intaneti moja, kompyuta zote za nyumbani (nyumba kubwa na ya uani)

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, mara ya mwisho nikiwa nasubiri daladala Kabwe, hapa Mbeya, na mvua inanyesha. Naandika mara moja, anayehitaji asome hapa. Mfano ni wa kwangu, Ilomba: ruta ya laini (kifaa kinachopokea intaneti ya simu na kuigawa) iko nyumba kubwa, kompyuta tatu ziko uani, na waifai haizifikii.

1. Ruta ya kwanza iache ilivyo. Weka nywila ngumu, chagua WPA2 (aina ya ulinzi wa waifai).

2. Vuta waya wa mtandao, aina ya Cat5e, hadi uani. Usizidi mita 100.

3. Bana vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vya mwisho wa waya), mpangilio uleule pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kishikizo kikiwa nyuma na waya ukitokea chini, unaanzia kushoto.

4. Ruta ya pili, ya uani. Hapa ndipo nilipoharibu, na mdogo wangu alikuwa katikati ya kujaza fomu ya chuo. Niliitoa kwenye boksi nikaichomeka moja kwa moja. Kompyuta moja ikapata mtandao, nyingine ikakosa. Ukizima na kuwasha, zinabadilishana. Siku nzima nikalaumu waya, nikabana vichwa upya mara tatu. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani (namba ya kifaa kwenye mtandao) 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani kwa kompyuta. Kompyuta iliyowahi kujibiwa na ruta ya uani ilikuwa inaelekezwa kwenye mlango usio na njia ya kutokea.

Kwa hiyo, KABLA hujaiunganisha na nyumba kubwa, iunganishe na kompyuta moja tu. Fungua ukurasa wake kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, badilisha anwani iwe 192.168.1.2, hifadhi. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo uzime DHCP (ile kazi ya kugawa anwani). Usigeuze mpangilio huu: ukianza kuzima DHCP, kompyuta inaweza kukosa anwani na ukurasa usifunguke tena. Kama ruta yako ya kwanza ni 192.168.0.1, ya pili iwe 192.168.0.2. Hakikisha pia namba hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta ya kwanza inagawa.

5. Waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya kwanza uingie tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la ruta ya pili libaki wazi.

MASWALI

Swali (Uyole): Mkuu nimefuata yote haifanyi kazi.
Jibu: Umechomeka tundu gani?
Swali: Lile la pembeni lenye rangi tofauti.
Jibu: Hilo ni WAN. Soma hatua ya 5.

Swali (Mafinga): Kwani lazima ruta? Si ninunue swichi tu?
Jibu: Sikusema lazima. Kompyuta zikiwa za waya zote, swichi (kisanduku cha kuunganisha nyaya za kompyuta nyingi) inatosha na hatua ya 4 huihitaji. Mimi nina simu za wapangaji pia, ndiyo maana nikaweka ruta.

Swali (Tukuyu): Shikamoo mwalimu. Naomba kuelewa, kwa nini sebuleni waifai ya 5GHz inakimbia sana lakini chumba cha tatu inapotea, wakati 2.4GHz inafika?
Jibu: Marahaba. Umeuliza vizuri. Mawimbi ya 5GHz yanabeba data nyingi lakini yanadhoofika haraka zaidi yakipita ukutani, na tofali za kuchoma ni nene. 2.4GHz inapenya zaidi, ila majirani wengi wako humohumo. Kwenye 2.4GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, maana hizo hazigusani. Kama ruta ya kwanza iko 1, ya pili weka 6 au 11. Pandisha ruta juu ya kabati, uone tofauti.

Swali (Iringa mjini): Bando linaisha kabla ya saa sita mchana, na sisi ni watu wanne tu.
Jibu: Angalia masasisho ya Windows. Kwenye kila kompyuta fungua sifa za mtandao huo, uweke kuwa muunganisho unaopimwa (metered connection), mengi yatasubiri. Na picha za simu zisijipakie zenyewe.

Swali (Tukuyu): Mwalimu, waya wa nje na radi za huku?
Jibu: Asante kwa kukumbusha, ilipaswa kuwa hatua ya 6. Machi radi ilipiga mti wa jirani. Ruta ya uani ilipona, lakini tundu lililoshika waya wa nje taa yake haijawaka tena. Kutoka Novemba hadi Aprili, nikiona wingu limeshuka mlima Loleza, nachomoa waya huo pande zote mbili, na wa umeme pia. Mama anajua kufanya hivyo nikiwa kazini. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye waya wenyewe asiutafute.