Namna ya kuwa suporta wa kweli, apa kwetu Lubumbashi

Kama unapenda kuwa suporta wa kweli, anza na ekipe yenye itaona kama haukukuya. Kwangu miye ile njo inapita zote. Bantu mingi apa Lubumbashi beko ba Real, ba Barça, ba Chelsea, banajua mpaka muchezaji gani eko na kilonda ku goti na atarudia siku gani, na sikatae, mupira ya Ulaya ni muzuri, miye pia minaangaliaka, lakini Madrid haitajua kama ulilala mapema. Kamalondo, fasi ya stadi yetu apa, itajua. Fasi yako ku tribini ikibakia wazi match mbili, kuko muntu ataulizia: yule wa kule nyuma ya goli, eko mugonjwa? Siku banakuulizia vile, ujue umeingia.

Kuchagua, kwetu haiko nguvu, juu mingi kati yetu tulizaliwa na ekipe tayari mu nyumba. Ni Mazembe ao ni Lupopo, zote mbili zilianza mu mwaka 1939, Mazembe mu mikono ya bapadri Benedictins, na Lupopo mpaka leo banaitwaka Cheminots, bantu ba reli. Kuko na Don Bosco pia, usiisahau. Sasa kama weye umekomala bila ekipe, ao umehamia apa juu ya kazi, usichague kwa kuhesabu bikombe. Enda uangalie hizi ekipe match mbili tatu, ikala kati ya bantu yake, usikilize vile banaongea na vile banavumilia, fasi utasikia uko kwenu, bakia pale. Na ukisha kubakia, imeisha. Kuhama juu ingine imeanza kushinda, ile hapana. Ndugu wa Goma ikale na DC Virunga yake, wa Bukavu na Muungano ao Dawa, ni vile vile: ile yenye unaweza kufikia kwa miguu njo yako.

Alafu enda ku stadi. Haiko siku ya dabi, siku ya dabi kila muntu anakuya, mpaka wenye habajue nani anacheza. Enda siku ya kati kati ya wiki, saa tisa na nusu, jua inaunguza, ao mvua ya mwezi wa kwanza imefunga mbingu, na ekipe yenye imekuya kucheza hakuna muntu anaijua muzuri. Stadi ya Mazembe pale Kamalondo, yenye ilifunguliwa mu 2011, inabeba bantu kama 18 000, na siku kama zile unaweza kuona biti mingi wazi. Njo siku yako ile. Muchezaji kijana mwenye anacheza mara ya kwanza anasikia sauti moja moja, na yako ikiwa mule ndani anaisikia kabisa, anageuza kichwa. Siku ya dabi hata ulie namna gani hakuna atakusikia.

Na ulipe tiketi. Usipite juu unajuana na muntu wa ku mulango, usingojee dakika ya 70 bafungue. Najua maisha ni nguvu, kuko miezi falanga inaisha mbele ya bunga kuisha, ile mwezi bakia ku nyumba usikilize radio, hakuna haya. Lakini mwenye eko na ya kulipa na anaingia bule kila mara, huyu anapenda mupira tu, ekipe haipendi.

Ikala karibu na benye banaimba. Ku Mazembe kuko ba 100%, na fanfari yao, banapiga toka mwanzo mpaka mwisho, usimame pembeni yao mara ya kwanza, ulizia maneno ya wimbo, watakufundisha bila shida. Watu wengine banaimbaka paka kama ekipe imefunga, na ile haisaidie mutu, muchezaji mwenye ametoka kufunga hana lazima na weye. Saa ya kuimba kwa nguvu ni dakika tano kisha kufungwa, wakati vichwa vyote beko chini na gardien anaokota mupira mu nyavu. Pale njo unafungua kinywa.

Maiyo kama uko nayo ni muzuri, kama hauna, nguo nyeusi na nyeupe ku Mazembe, ya buluu na manjano ku Lupopo, inatosha.

Jifunze mupira yenyewe. Ujue ofsaidi ni nini ili usitukane arbitri bule, ujue majina ya benye banaikalaka ku banki ya barezervi, ujue nani ametoka ku ekipe ya batoto. Na jifunze historia, apa nitakawia kidogo juu naona bijana mingi habaijue. Mazembe ilipata kikombe ya Afrika ya ma-club mu 1967 na 1968, ile wakati jina yake ilikuwa Englebert, na ya 1967 iliisha vile: match mbili na Asante Kotoko ya Ghana zilitoka sawa, bakapanga ya tatu, Kotoko haikukuya. Kisha tulingojea miaka zaidi ya 40 mpaka 2009. Fikiria bale bazee benye baliendelea kwenda ku stadi hii miaka yote, bengine balikufa bila kuona. Tukashinda tena 2010, na 2015 mbele ya USM Alger, na mule ndani kulikuwa Mbwana Samatta, mutoto wa Tanzania, alifunga mu final ile, bantu ba komini zetu, Kenya na Katuba, balimupenda kama mutoto wao. Ukijua hii yote, hata match ndogo ya leo inapata buzito, juu unajua ni nini iko nyuma yake.

Historia inasaidia pia kujibu. Kuko benye banachekaka Congo juu ya zile goli 9 za Yugoslavia mu Kombe la Dunia 1974. Usikasirike. Umwambie tu: mwaka ule ule, mu mwezi wa tatu, Zaire ilikuwa championi wa Afrika kule Misri, tulipiga Zambia, jirani yetu wa ngambo ya Kasumbalesa, match ya kwanza 2-2, ikarudiliwa, 2-0, na zile goli zote ine za Zaire alifunga Ndaye Mulamba, mu mashindano yote alifunga 9. Na gardien wa kwanza wa ile ekipe, Kazadi Mwamba, alitoka Mazembe. Suporta mwenye anajua bile haiwezekane kumupatisha haya.

Sasa dabi. Kwetu mu nyumba baba eko Mazembe, mama eko Lupopo, na miaka yote tulikula bukari mu sahani moja. Njo kipimo changu. Unaweza kumucheka mwenzako, kumunyima usingizi usiku muzima na wimbo, kesho asubui umupigie simu, ile ni tamu na ni haki yako ukishinda. Lakini usitukane mama yake, usitukane kabila yake, kabisa, mu Katanga tunajua ile maneno inafikishaka wapi. Na jiwe, hapana. Chupa, hapana. Tarehe 11 mwezi wa tano 2014, ku Tata Raphaël ya Kinshasa, match ya AS Vita Club na Mazembe, bantu balianza kutupa bitu, polisi ikapiga gazi ya machozi, bantu bakasukumana, na zaidi ya 10 habakurudia ku nyumba. Balilipa tiketi kama weye. Kwa hiyo ukiona kijana wa upande yako anaokota jiwe, usigeuze macho, umushike mukono, ndugu yangu acha. Ile pia ni kazi ya suporta, na minaona ni kubwa kupita kuimba. Na ukifika ku stadi, jua mulango ya kutokea iko wapi mbele ya kuikala.

Kupoteza. Mu mwezi wa 12 wa 2010 kule Abu Dhabi, mu Kombe la Dunia la ma-club, Mazembe ilipiga Pachuca ya Mexico 1-0, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0 na goli za Kabangu na Kaluyituka, gardien wetu Kidiaba anarukaruka na matako chini dunia yote inaangalia, hakuna ekipe ya Afrika ilikuwa imefika mu final ya dunia mbele yetu. Kisha Inter ya Milan ikatufunga tatu kwa bule. Wenye balitoka mu barabara kuwapokea kama bafalme baliona muzuri. Ekipe ikipoteza, ngojea filimbi ya mwisho, piga mikono, alafu kesho sema yenye haikukupendeza, kwa jina ya muchezo na haiko kwa jina ya muzazi wa muchezaji. Kukosoa ni ruhusa. Mwenye anatoka dakika ya 80 anakosa haki ya kukosoa, mi naona vile.

Ba Léopards, ekipe ya taifa, ni ya bote, pale Mazembe na Lupopo zinaikala ku banki moja. Mu mwezi wa pili 2024, mbele ya nusu-final ya Kombe ya Afrika na Côte d'Ivoire, bachezaji balifunika kinywa na mukono, bidole bingine ku kichwa kama bunduki, juu ya vita ya Mashariki. Bandugu zetu ba Goma na Bukavu baliona. Ukiwa suporta, jua ekipe inabeba nini siku ile, ata ukiwa unajali paka matokeo.

Na kama unaishi mbali, Kolwezi, Lusaka, Ubelgiji, usijione umetoka. Tuma falanga ya tiketi moja kwa ndugu mudogo mwenye hana, umwambie apige simu kisha match akuelezee yote, nani alicheza muzuri, tribini ilikuwa namna gani, na hii saa ya kuongea muikate mapema, juu vocha ya simu inaisha mbiyo.